Mzee wa Mishale: Andrei Markov na Herufi Zake 20,000

Sapu yangu ya mwaka wa pili ilikuwa ya somo la uwezekano, na sina wa kumlaumu. Mhadhara ulikuwa saa moja asubuhi, mimi napanga mbali na chuo, na daladala za alfajiri mnazijua. Siku ya mtihani swali la mwisho lilikuwa na miduara mitatu, mishale inayotoka huku kwenda kule, na matriksi ya tatu kwa tatu. Juu yake limeandikwa jina moja tu: Markov. Nikaichora ile miduara upya, safi kabisa, nikakoleza mishale kwa kalamu nyekundu, nikakabidhi karatasi. Alama nilizopata kwa mchoro ule tuziache.

Sapu inafanywa likizo, wenzako wote wameshaenda makwao. Nilibaki na godoro, ndoo, na rundo la madesa ambayo hata aliyeyaandika nadhani hakuyaelewa. Ndipo nikaamua, kwa hasira zaidi kuliko kwa bidii, kumtafuta huyu Markov mwenyewe ni nani hasa aliyeniharibia likizo. Nilitegemea kukuta mtu mkavu, mzee wa ndevu anayeishi ndani ya fomula. Ndevu kweli alikuwa nazo. Lakini nilichokikuta kingine kilinifanya nisahau kula mchana ule, na mimi si mtu wa kusahau kula.

Andrei Andreevich Markov alizaliwa Juni 1856 huko Ryazan, Urusi. Baba yake alikuwa ofisa wa misitu, baadaye akahamia St Petersburg kusimamia mali za mama mmoja tajiri. Mtoto alikuwa na goti bovu, ugonjwa wa kifua kikuu uliokuwa umeingia kwenye mfupa, na mpaka anafika miaka 10 alikuwa akitembea kwa magongo. Shuleni hakuwa wa kutolewa mfano. Masomo mengi aliyafanya vibaya, na walimu walimlalamikia. Hisabati peke yake ndiyo aliyoishika. Akiwa bado sekondari alidhani amegundua njia mpya ya kutatua aina fulani ya milinganyo, akawaandikia barua wakubwa wa hisabati wa mji ule. Wakamjibu kwamba njia si mpya. Lakini walimjibu, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1874 aliingia Chuo Kikuu cha St Petersburg, mikononi mwa Pafnuty Chebyshev, mwalimu aliyewalea wanahisabati wengi wa Urusi wa kizazi kile. Mwaka 1878 alimaliza na medali ya dhahabu.

Miaka iliyofuata naipita haraka kwa sababu ni ya mafanikio, na mafanikio hayana hadithi ndefu. Shahada ya pili mwaka 1880, ya tatu mwaka 1884, Akademia ya Sayansi ikampokea mwaka 1886. Mwaka 1883 alimwoa Maria Valvatyeva, binti wa yule mama tajiri ambaye baba yake Markov alikuwa akimfanyia kazi. Alikuwa amemfundisha binti huyo hisabati zamani. Wale mnaofundisha tuisheni mjini msijipe moyo sana.

Kilichonishika ni tabia yake. Wenzake walimwita Andrei Mkali. Hakuwa na kona laini. Ukikosea hesabu alikuambia umekosea, mbele za watu, na kama wewe ni mkubwa zaidi alikuambia kwa sauti zaidi. Mwaka 1902 mwandishi Maksim Gorky alichaguliwa kuwa mwanachama wa heshima wa Akademia. Mfalme hakupendezwa, kwa kuwa Gorky alikuwa akifuatiliwa na polisi kwa siasa zake, na uchaguzi ukafutwa. Wengi walikaa kimya. Markov aliandika kupinga. Mwaka 1907 serikali ilipolivunja Duma, bunge la pili la Urusi, aliandika tena. Mwaka 1912 akaliandikia kanisa la nchi yake akitaka atengwe nalo, miaka 11 baada ya kanisa hilo kumtenga Lev Tolstoy. Yaani mzee huyu alikuwa haishiwi wino.

Sasa, ugomvi wake mkubwa kuliko yote haukuwa na Mfalme. Ulikuwa na mwanahisabati mwenzake, Pavel Nekrasov wa Moscow. Na ugomvi huo ndio uliozaa swali langu la sapu, kwa hiyo hapa naomba tutembee taratibu.

Mnajua kanuni ya namba kubwa hata kama hamjui jina lake. Rusha shilingi mara 10, unaweza ukapata kichwa mara saba. Irushe mara 10,000, na sehemu ya vichwa itakuwa imeisogelea nusu. Jakob Bernoulli wa Uswisi ndiye aliyelithibitisha jambo hili kwa hisabati, na kitabu chake kilitoka mwaka 1713 mwenyewe akiwa ameshafariki miaka minane. Lakini angalia sharti lililokuwemo: kila mrusho unajitegemea. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita.

Nekrasov alikuwa amesomea seminari kabla ya kuingia hisabati, na aliwahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Moscow. Yeye alishikilia kwamba sharti lile ni la lazima, kwamba pasipo kujitegemea kanuni ya namba kubwa haifanyi kazi. Kisha akapiga hatua nyingine. Akasema tazama takwimu za jamii: idadi ya ndoa na ya makosa ya jinai haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Kumbe kanuni inafanya kazi. Kumbe matendo ya watu yanajitegemea. Kumbe binadamu ana hiari. Kwa hoja hiyo alitaka hisabati isimame kuthibitisha jambo la imani.

Markov alichukia. Si kwamba alikuwa na uthibitisho kuwa binadamu hana hiari, hilo hakuligusa. Alichokichukia ni ile hatua ya katikati. Kutoka kwenye A kwenda B unaruhusiwa, lakini huyu jamaa alikuwa anarudi kutoka B kwenda A kama vile njia ni ileile. Ili kumwangusha, Markov alihitaji mfano mmoja tu: mfumo ambao sehemu zake zinategemeana, na bado wastani wake unatulia. Mwaka 1906, akiwa na miaka 50 na ameshastaafu rasmi uprofesa, akachapisha makala kupitia jarida la chama cha wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Kazan, na ndani yake mfano huo ukawemo. Ndiyo hii tunayoiita leo minyororo ya Markov.

Wazo lenyewe ni jepesi mno kiasi kwamba nilijisikia aibu. Mfumo una hali kadhaa. Kila hali ichore kama duara. Kutoka kila duara chora mishale kwenda kwenye maduara yanayoweza kufuata, na juu ya kila mshale andika uwezekano wa kupita hapo. Mishale inayotoka kwenye duara moja jumla yake ni 1, maana lazima uende mahali, hata kama ni kubaki palepale. Hiyo ndiyo grafu ya mishale. Ukizipanga namba hizo kwenye jedwali, safu moja kwa kila duara unalotoka, umepata matriksi. Picha na jedwali ni kitu kimoja. Markov mwenyewe katika makala zake alikwenda kwa fomula na hesabu. Miduara ni namna tunavyofundishwa sisi siku hizi, labda kwa kutuhurumia.

Lakini makala ya 1906 ilikuwa ya nadharia. Ilibaki kumwonyesha Nekrasov kitu halisi, kitu ambacho hakuna mtu angeweza kusema sehemu zake zinajitegemea. Markov akachagua herufi.

Akachukua Evgeny Onegin, hadithi ya kishairi ya Aleksandr Pushkin ambayo kila Mrusi aliyesoma anaijua. Akaondoa nafasi kati ya maneno, akaondoa zile alama mbili za Kirusi zisizotamkwa zenyewe, akaandika herufi 20,000 mfululizo: sura ya kwanza yote na beti 16 za sura ya pili. Akazipanga katika miraba ya 10 kwa 10, miraba 200, akaanza kuhesabu irabu na konsonanti. Kwa mkono. Nilipofika hapa ndipo niliposahau kula.

Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Basi ukichomoa herufi moja ovyo, uwezekano wa kuwa irabu ni 0.432. Kama herufi zingekuwa zinajitegemea kama shilingi, jozi za irabu kufuatwa na irabu zingekuwa karibu 3,700. Alizihesabu: 1,104. Haziko hata theluthi. Kwa hiyo hapana, herufi hazijitegemei. Irabu inaisukuma irabu mbali. Ukizigeuza hesabu zake kuwa matriksi unapata hii:

Kutoka irabu: kwenda irabu 0.128, kwenda konsonanti 0.872.
Kutoka konsonanti: kwenda irabu 0.663, kwenda konsonanti 0.337.

Miduara miwili, mishale minne. Sasa zidisha matriksi hiyo kwa yenyewe. Unachopata ni uwezekano wa hatua mbili mbele: ukianza na irabu, herufi ya pili baadaye ni irabu kwa 0.594 hivi, ukianza na konsonanti ni 0.308. Tofauti bado kubwa. Nenda hatua nane: 0.436 na 0.429. Hatua 16: zote mbili 0.432. Namba ileile aliyoipata kwa kuhesabu herufi zote 20,000. Niliifanya kwa kikokotoo cha simu saa sita usiku, na ilipotokea 0.432 upande wa juu na 0.432 upande wa chini nilimwamsha mwenzangu wa chumbani, ambaye naye alikuwa na sapu, ila ya sheria. Hakufurahi.

Hapo Nekrasov alikuwa ameshajibiwa. Herufi zinategemeana kabisa, na bado wastani umetulia. Mfumo unasahau ulikoanzia, taratibu, hatua kwa hatua, ingawa kila hatua inakumbuka ile iliyopita. Utulivu wa takwimu hauthibitishi kwamba sehemu zake ziko huru.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya Akademia Januari 1913. Baadaye akarudia kazi kwa kitabu cha Sergei Aksakov cha kumbukumbu za utotoni, safari hii herufi 100,000. Mwaka huohuo wa 1913 ukoo wa Romanov ulikuwa unasherehekea miaka 300 ya kukaa kwenye kiti cha ufalme, nchi nzima mabendera na gwaride. Markov akaandaa sherehe yake: miaka 200 ya kanuni ya namba kubwa. Akademia ikafanya kikao maalumu cha kumkumbuka Bernoulli. Kama hilo halikuwa dongo kwa Mfalme, basi mimi sijui dongo ni nini.

Nilijaribu na Kiswahili, ndiyo. Kipimo changu ni kidogo mno kisayansi, methali mbili tu, lakini kilinifundisha kitu ambacho desa halikunifundisha. Chukua Haba na haba hujaza kibaba. Herufi 22, irabu 11, konsonanti 11, na hakuna hata mara moja ambapo irabu inafuata irabu au konsonanti inafuata konsonanti. Matriksi yake ni sufuri na moja tu: kutoka irabu lazima konsonanti, kutoka konsonanti lazima irabu. Huo ni mnyororo usiosahau. Ukiniambia herufi ya kwanza nitakuambia ya mia ni ya aina gani. Wastani unabaki nusu, lakini matriksi hata uizidishe mara ngapi inarukaruka tu kati ya sura mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu alikuwa anasisitiza sana habari ya mzunguko na vipindi, wakati mimi nikiandika pembeni ya daftari bei ya chipsi.

Halafu chukua Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Herufi 28, irabu 12. Konsonanti zote 16 zina kinachofuata: mara 10 ni irabu, mara sita ni konsonanti. Irabu 11 zina kinachofuata: mara mbili tu ni irabu, moja pale neno la mwisho linapoanza na nyingine ndani yake, mara tisa konsonanti. Kutoka konsonanti kwenda irabu 0.625, kutoka irabu kwenda irabu 0.18. Linganisha na Pushkin hapo juu. Najua, najua, herufi 28 si kitu, na ch na sh kwa sikio la Mswahili ni sauti moja moja. Lakini hebu fanyeni wenyewe kwa ukurasa mzima wa kitabu chochote, kisha mniambie.

Nirudi kwa mzee. Kuna jambo la mwaka 1908 ambalo lingetosha peke yake kumweka kwenye gazeti hili la chama cha wanafunzi. Vyuo vya Urusi vilikuwa na migomo na vurugu, na wizara ya elimu ikatoa agizo kwamba walimu wa vyuo vikuu wawaangalie wanafunzi wao, wawe macho ya serikali madarasani. Walimu wengi walinung'unika wakatii. Markov aliandika kwa wakubwa wake kwamba anakataa katakata kuwa wakala wa serikali ndani ya chuo, ila mihadhara yake ya uwezekano ataendelea kuitoa kama kawaida. Basi. Hakutoa hotuba ndefu kuhusu uhuru. Alikuwa mzee wa miaka 52, mgonjwa wa mguu tangu utotoni, na hakuwa na cha kupata kwa kuandika barua ile. Mara nyingi tunasomeshwa majina ya hawa watu kama vibandiko juu ya fomula. Mimi tangu siku hiyo nikiliona jina lake ubaoni naona barua ile kwanza, fomula baadaye.

Mnajiuliza sapu yangu iliishaje. Nilipita, kwa alama isiyo ya kujivunia. Lakini kilichotokea baadaye ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Semesta ilipofunguliwa, mdogo wangu mmoja wa kijijini kwetu alikuwa ameingia mwaka wa kwanza kwenye chuo fulani, jina nitaliweka mfukoni. Wiki ya tatu alinipigia simu analia. Hajasajiliwa, hajapata bumu, analala kwa jamaa. Nikamwambia anieleze polepole kila ofisi imemwambia nini. Usajili walimwambia alete uthibitisho wa malipo kutoka uhasibu. Uhasibu wakamwambia ada yake inalipwa na mkopo, hivyo alete uthibitisho kutoka dawati la mikopo. Dawati la mikopo wakamwambia wao wanamshughulikia mwanafunzi aliyesajiliwa tu, aanzie usajili. Kwa wiki tatu alikuwa anazunguka, na kila ofisi alikuta foleni, na kila ofisi waliongea naye vizuri. Alikuwa anadhani kosa ni lake, kwamba kuna neno hajui kuliuliza.

Nilichora miduara minne kwenye karatasi: Usajili, Uhasibu, Mikopo, Darasani. Mishale: Usajili kwenda Uhasibu, Uhasibu kwenda Mikopo, Mikopo kwenda Usajili. Nikaandika matriksi, 1 pale penye mshale na 0 pasipo. Ile sehemu ya ofisi tatu ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata moja kwenye mshazari na sufuri kwingine kote. Maana yake baada ya hatua tatu uko palepale ulipoanzia, bila kujali ulianzia wapi. Na safu wima ya Darasani, kutoka ofisi zote tatu, ilikuwa sufuri juu mpaka chini. Sufuri hiyo hata uzidishe mara mia haigeuki. Hakuna bidii, wala unyenyekevu, wala kuamka saa kumi usiku kuwahi foleni, kunakoweza kuongeza mshale ambao haupo.

Angalia kwamba kila ofisi ukiichukua peke yake ilikuwa sahihi. Sharti la usajili lina maana, la uhasibu lina maana, la mikopo lina maana. Ukimhoji karani mmoja mmoja hutaona kosa. Kosa liko kwenye mpango wa mishale, na mpango huo hakuna ofisi yoyote inayouona, kwa sababu kila ofisi inauona mshale wake mmoja tu unaotoka. Anayeiona grafu nzima ni yule anayezungushwa.

Nilimpigia picha ile karatasi nikamtumia. Akaipeleka kwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo chao, dada mmoja wa mwaka wa nne, ambaye wala hakujali habari ya matriksi. Aliangalia mishale tu, akaenda nayo kwa msimamizi wa wanafunzi. Kumbe alikuwa na majina mengine kadhaa kwenye daftari lake, wote wa mzunguko uleule. Ombi lao lilikuwa moja: barua ya usajili wa muda, inayotoka usajili kwenda mikopo moja kwa moja. Mshale mmoja. Ilichukua siku nne zaidi, na nasikia mabishano makali, lakini mdogo wangu alisajiliwa. Bumu lake la kwanza alinunua viatu.

Na hapo nacheka, kwa sababu viatu ndivyo vilivyomaliza hadithi ya Markov.

Vuli ya 1917, mapinduzi yakiwa yamechemka, mzee wa miaka 61 aliondoka mji mkuu na familia yake kwenda Zaraysk, mji mdogo wa mashambani, na huko akawa anafundisha hisabati shule ya sekondari bila mshahara. Mwanachama wa Akademia ya Sayansi, mtu anayejulikana Ulaya nzima, anasahihisha madaftari ya watoto bila kulipwa. Kisha akarudi Petrograd. Njaa, baridi, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Macho yalikuwa yanafifia akafanyiwa upasuaji. Aliendelea kufundisha uwezekano wakati kusimama kwenyewe ilikuwa shida.

Mwaka 1921 aliwaarifu Akademia kwamba hawezi kuhudhuria vikao kwa sababu hana viatu. Ombi likapita kwenye kamati, na katika nchi iliyokuwa imekaukiwa kila kitu, viatu vikapatikana vikaletwa. Markov akaandika tena. Aliwaarifu kwamba viatu amevipokea, ila vimeshonwa kijinga na isitoshe si saizi yake, kwa hiyo vikaoni bado hatahudhuria. Na akapendekeza viwekwe kwenye jumba la makumbusho ya mila na desturi kama mfano wa ufundi wa zama zile, naye yuko tayari kujinyima avitoe kwa kazi hiyo.

Alifariki Petrograd tarehe 20 Julai 1922. Kitabu chake cha uwezekano alikuwa bado anakirekebisha, na toleo la nne likatoka mwaka 1924, yeye hayupo. Hakuona Claude Shannon akirudia mchezo wa herufi kwa Kiingereza mwaka 1948 na kuanzisha nadharia ya habari. Hakuona Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, mwaka 1998 wakizichukua kurasa za intaneti kama miduara na viungo vyake kama mishale, kisha wakamwachia msomaji wa kufikirika azurure humo mpaka namba zitulie, ili wajue ukurasa upi uje wa kwanza unapotafuta kitu. Wao walikutana na shida ileile ya mdogo wangu, kurasa zinazozungushana bila kutoka, na dawa yao ilikuwa ileile: waliongeza mshale. Kila baada ya hatua chache yule mzururaji anaruhusiwa kuruka kwenda ukurasa wowote.

Mwanawe, naye Andrei Andreevich, alikuwa na miaka 18 baba yake alipofariki. Alikuja kuwa mwanahisabati, wa mantiki na algorithi, na vitabu vinalazimika kuwatofautisha kwa kuandika mkubwa na mdogo. Mwalimu wangu aliwahi kuwachanganya mhadharani. Saa moja na nusu asubuhi, siti ya mbele, nilinyoosha mkono.